Kidole cha Baba

Jumatatu, 7 Juni

Zamu ya asubuhi. Ndoo ya klorini imejaa, sabuni ipo, kibunduki cha kupima joto kina betri mpya. Nimesimama mlangoni mwa kituo nikikielekeza kwenye vipaji vya nyuso za watu hadi mkono ukafa ganzi. Hakuna mwenye homa. Nikawaruhusu wote waingie, wakikohoa zao.

Daktari Célestin alituita mkutanoni. Anasema tusitegemee homa. Anasema kuna mgonjwa wa korona anayeishiwa hewa polepole bila kupata joto hata kidogo, anaongea, anacheka, kisha anaanguka. Nilicheka kimoyomoyo. Huyu ametoka Kananga mwezi wa tatu. Sisi wauguzi wa Butembo tumelala na kuamka na Ebola karibu miaka miwili. Homa ndiyo iliyotuambia nani aende nyumbani na nani aingie hemani. Leo anifundishe homa?

Tena ametaka madirisha yafunguliwe. Juni hii, na baridi hii ya milimani! Dirisha moja lilifunguliwa kwa dakika kumi. Nililifunga mwenyewe.

Kituo kina kibanio kimoja tu, kile kinachobana kidole na kusoma kiasi cha hewa kilicho katika damu. Anatembea nacho mfukoni kama simu yake. Sipendi.

Jumatano, 9 Juni

Saa sita kamili anatoka. Jana vilevile. Sisi tunakula maharagwe yetu pamoja chumba cha nyuma, yeye anavua koti jeupe, anatia kibanio mfukoni, anachukua daftari la jalada la buluu, anapanda pikipiki. Anarudi saa nane. Haagi mtu.

Mtu anayevua koti jeupe kabla ya kutoka ana jambo la kuficha.

Kinachonisumbua ni daftari. Madaftari nayajua. Wakati wa Ebola nami nilikuwa nalo, nikiingia nyumba hadi nyumba: jina, ua, nani alikula na nani, nani alimwosha maiti. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Kesho yake gari jeupe lilikuja mahali nilipoandika. Hakuna wa kunieleza daftari linafanya kazi gani.

Alhamisi, 10 Juni

Baba anakohoa. Kikohozi kikavu, cha siku ya nne au ya tano.

Nilimkuta uani, kati ya mlango wake na wangu, akibandua maganda ya kinkina, ule mti wa kwinini. Ana miti kumi na miwili nyuma ya nyumba na anaamini hakuna ugonjwa duniani unaoweza kusimama mbele yake. Anachemsha maganda, anakunywa uchungu ule bila hata kukunja uso. Nilimwelekezea kibunduki. Thelathini na sita nukta nne.

"Umeisha kunipiga masasi?" akaniuliza.

Moyo wangu ukatulia. Hana homa, hana kitu.

Nilitaka kumgusa shavu hata hivyo. Akainamia maganda yake, mkono wangu ukabaki hewani. Ni hivyo tangu Mama. Sitaki kuandika habari za Mama.

Jumapili, 13 Juni

Misa ya kwanza. Baba alisimama mara tatu kwenye kilima cha kanisa. Mara ya kwanza alisema anaangalia maharagwe ya watu. Mara ya pili, viatu. Mara ya tatu hakusema kitu, nami nikajifanya natafuta rozari kwenye mkoba.

Kanisani midomo ilikuwa inacheza lakini sauti haikutoka. Baba! Ambaye kwaya nzima humfuata yeye badala ya kinanda. Nilimuuliza. Akasema masikio yanamlilia ndiyo maana hajisikii anavyoimba. Hilo ni kweli, ukizidisha kinkina masikio hulia. Nikamwambia apunguze vikombe. Nikaridhika na jibu langu mwenyewe.

Mchana tulikuwa matangani kwa jirani yetu fundi cherehani, amefiwa na kaka yake. "Mapafu," wanasema. Ndoo ya klorini mlangoni, tumenawa hadi vidole vikanuka. Hakuna aliyempa mwenzake mkono, tulisalimiana kwa viwiko kama Ebola ilivyotufundisha. Kisha tukaingia sebuleni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, tukakaa bega kwa bega na kuimba saa tatu. Tulijiona tunajua kujikinga kuliko watu wote.

Jumanne, 15 Juni

Mama Kavira, anayefanya usafi kituoni, amemwona. Anasema Daktari aliacha pikipiki kwenye tanuru za matofali, akaingia nyumba moja kwa miguu, mwenye nyumba akafunga mlango haraka nyuma yake. Alikaa kidogo, akatoka anaandika.

Nikasema, "Ni liste ile."

Neno moja tu, orodha, kama zile za wakati wa Ebola. Akashika ufagio kwa mikono miwili.

"Banakuya tena?"

"Sijue. Lakini ukimuona na kile kibanio, ficha kidole yako."

Niliona raha kulisema. Ninaandika hivyo kwa sababu humu sina wa kumdanganya. Niliona raha, kama mtu aliyekuwa na jiwe kiatuni akalitoa.

Na jambo jingine. Leo kulikuwa na alama za tairi ya pikipiki njiani kwetu, karibu kabisa na ua. Wanaopita huko ni wengi. Nimeziangalia mara mbili.

Alhamisi, 17 Juni

Neno langu limenirudia sokoni, limeota miguu na mkia.

Wanawake wanaficha mikono ndani ya vitenge. Yule ninayenunua kwake mboga za lengalenga kila wiki alinivuta karibu. "Mama infirmière, weye unakaa nao, utuambie. Banasema akikubana kidole, jina yako inaenda Kinshasa. Siku tatu, banakuya na sachet."

Sachet ndiyo ile mifuko ya maiti. Kila mtu hapa anaijua.

Ningeweza kusema, ni uongo, umetoka kinywani mwangu. Nilichagua fungu la lengalenga, nikalinusa, nikaenda. Mwoga.

Baba: thelathini na sita nukta mbili. Anazungumza kwa vipande. "Leta maji." Anapumzika. "Ya moto." Nimemwambia ni uzee. Akaniangalia kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 19 Juni

Wamemkamata Célestin.

Ilikuwa jana saa sita na nusu, kwenye tanuru. Vijana walimzuia, wakaangusha pikipiki, wakamtoa kibanio mfukoni, mmoja akakikanyaga kwa buti mpaka kikawa unga. Wangemfanya vibaya zaidi kama mzee mmoja mwenye mguu mbovu asingetoka nyumbani kwake na kusimama katikati. Célestin alirudi kwa miguu, daftari limejaa tope.

Leo asubuhi alitukusanya. Hakupandisha sauti.

"Nani alisema niko naandika liste?"

Mama Kavira alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vya Daktari, vimepasuka pembeni, tope limekauka juu yake.

Naogopa. Pia, niseme ukweli, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi: sasa hatatoka tena na daftari lake. Naiandika ili niione vizuri hapa, ilivyo mbaya.

Jumatatu, 21 Juni

Leo sikuwa na zamu. Saa sita na dakika chache nilikuwa uani nafua. Mlango wa ua ukafunguka bila hodi.

Ni Célestin. Kwa miguu, bila koti. Mbwa wetu humbwekea hata padri. Mbwa huyo aliinuka, akamwendea akitikisa mkia, akamlamba mkono.

Nilielewa pale pale. Kabla hajasema neno. Hata hivyo nikasimama mbele ya mlango wa Baba na kumuuliza anatafuta nini kwetu.

"Mama Masika, unipishe. Tangu Ijumaa sijamupima."

Nikampisha.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Dirisha limefungwa, sufuria ya kinkina karibu naye. Midomo yake ya zambarau. Kila asubuhi nilikuwa nikimpiga kile kibunduki kipajini na kwenda zangu kazini. Midomo sikuitazama.

Célestin hakuwa na kibanio, kimekufa tanuruni. Alihesabu pumzi kwa saa ya mkono. Kisha akafungua daftari lake kuandika na mimi nikachungulia, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Hakuna majina. Hata moja. "Mama wa tanuru." "Mwalimu wa mguu." "Fundi cherehani." "Mzee wa kinkina." Mbele ya kila mmoja, tarakimu za kila siku za hewa ya damu, ambazo kwa mwenye afya huzidi tisini na tatu. Za Mzee wa kinkina: 93, 92, 92, 91, 90, 90. Halafu nafasi tupu kuanzia Ijumaa.

"Tangu lini?" nikauliza.

Baba ndiye aliyejibu. "Ni miye nilimuita." Pumzi. "Nilimukataza asikuambie."

Sikuuliza kwa nini. Aliniambia hata hivyo.

"Weye ndiye ulipiga simu." Pumzi. Nyingine. "Ya mama yako."

Sasa lazima niandike. Mama alikuwa na homa ya thelathini na tisa na macho mekundu. Nilipiga ile namba. Gari lilikuja, mwanangu mdogo alikuwa bado anampa maji. Mama alitoa mkono dirishani, akaupunga kama anaenda sokoni. Siku ya nne tulipewa mfuko uliofungwa na watu waliovaa mavazi meupe. Baba aliomba auone uso. Walikataa, na aliyemweleza kwa nini haiwezekani ni mimi, ndani ya vazi lilelile. Nilifanya sawa. Homa ile ingetumaliza sote. Ningepiga tena simu ile.

Baba hakusema kitu siku ile wala siku zilizofuata. Nilidhani kunyamaza kwake ni kunisamehe.

Jumanne, 22 Juni

Jana jioni alikubali kuja kituoni, kwa masharti yake. Gari hapana, hata la kuazima. Alibebwa kwa kiti, majirani wanne wakipokezana. Na dirisha la chumba liwe wazi mchana kutwa, apate kuonekana kutoka nje. "Batu banione," alisema. Asije mtu akasema amefichwa, asije mtu akasema amegeuzwa mfuko.

Célestin nusura acheke. Wiki mbili anatuomba madirisha na sasa amepewa na mgonjwa.

Mashine ya kutengeneza oksijeni inafanya kazi jenereta likiwaka. Lakini bila kibanio hatujui tumwekee kiasi gani, tunakisia tu. Kulikuwa na kingine cha akiba kwenye ofisi ya afya kule Beni. Célestin hawezi kuacha wagonjwa. Nikasema nitakwenda mimi. Alinitazama. Barabara ile na waasi wake wa msituni kila mtu anaijua.

Leo niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mbele ya kila kizuizi cha askari abiria wote wanapandisha barakoa kutoka kidevuni, tukipita wanazishusha, na vioo vimefungwa kwa vumbi. Nilishusha cha kwangu. Mama mmoja alilalamika, nikamwambia afunge kitambaa. Beni nilipewa kibanio kwa sahihi, sikunywa hata maji, nikakitia ndani ya sidiria nikarudi. Saa tisa nilikuwa Butembo. Njia nzima sikumfikiria askari wala mtu wa msituni. Nilifikiria ile nafasi tupu kwenye daftari.

Nilimkuta Célestin koridoni.

"Docteur, ile ya liste. Ni miye nilisema."

"Ninajua. Siku ile niliuliza ninyi bote, ulikuwa unaangalia viatu yangu."

Akapokea kibanio, akaingia ndani. Sikusamehewa, wala sikufukuzwa.

Baba alimpa yeye kidole. Themanini na nne. Mimi nilisimama nyuma nikishika beseni tupu.

Alhamisi, 24 Juni

Mama wa tanuru amefariki jana. Nyumbani kwake, mlango umefungwa. Tarakimu yake ya mwisho katika daftari ni ya Alhamisi iliyopita, themanini na tisa. Célestin alipanga kumshawishi aje Ijumaa.

Sijui kama angepona. Sitajua kamwe. Nimejaribu siku nzima kulifanya neno hilo linipe nafuu na limekataa.

Nilikwenda tanuruni. Nilisema mbele yao wote, mimi ndiye niliyeanza, hakuna orodha, hakuna majina, nimeliona daftari kwa macho yangu. Mmoja akanitazama kuanzia miguuni hadi kilemba.

"Bamekununua na weye?"

Sokoni vilevile. Yule wa lengalenga aliweka mikono chini ya kitenge nilipokaribia. Najua kuangaliwa hivyo. Ndivyo mimi ninavyowaangalia watu.

Aliyekuja ni mmoja tu, yule mwalimu wa mguu mbovu. Alitembea mwenyewe hadi kituoni saa kumi, akanyoosha kidole mbele ya watu wote wa foleni. Mama Kavira akamfuata, macho ameyafumba kama anachomwa sindano.

Jumatatu, 28 Juni

Themanini na nane. Jana themanini na sita. Juzi themanini na saba. Nimekuwa mtu wa tarakimu.

Dirisha liko wazi. Baba amevaa masweta mawili na kofia ya sufu ya Mama. Mbwa ameweka makazi chini ya dirisha na amekataa kufukuzwa. Watu wanapita, wanachungulia, wanamwita, anainua mkono. Jana kwaya ilisimama pale nje na kuimba. Nilikwenda kuhesabu wangapi wamekaribiana sana, kisha nikaacha, wako hewani.

Mimi ndiye ninayembadilishia shuka, ninamlisha uji, ninamgeuza alale kifudifudi kama Daktari alivyoagiza. Anakubali kama mtu anayekubali mvua. Leo aliitazama barakoa yangu, miwani ya plastiki, kanzu yangu.

"Toa ile bitu," akasema. "Nione uso."

Nikamwambia haiwezekani. Nilijisikia nikilisema, neno lilelile, sauti ileile. Akageuza kichwa ukutani.

Nilitoka. Nilinawa, nikavua yote. Nikazunguka nyuma ya jengo hadi kwenye dirisha lake, nikasimama kwenye majani karibu na mbwa, uso mtupu, hatua tatu kutoka kwake, upepo ukinipiga. Nikamwita, "Papa."

Akageuka. Alinitazama. Kikohozi kilimshika, kikampita, akarudi kunitazama. Nilisimama pale hadi jenereta likazimwa ili kubana mafuta, nikakimbia ndani kumshughulikia.

Jumapili, 4 Julai

Asubuhi. Ukungu umeshuka hadi uani mwa kituo, kengele ya misa ya kwanza imekwisha kulia. Célestin amekwenda kwenye tanuru kwa miguu, ameitwa na watu wenyewe. Amevaa koti lake jeupe. Kabla ya kutoka alinipa kibanio cha Beni bila maelezo. Kingine, kipya, anacho yeye.

Baba alikuwa macho. Kinkina hanywi tena, lakini ameniomba nimletee ganda moja, analishika mkononi na kulinusa. Nilisimama kando ya kitanda na kibanio kiganjani. Sikuomba. Nilinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Alikuwa akitazama nje, upande wa kilima cha kanisa. Bila kunitazama alihamisha lile ganda mkono wa kushoto. Kisha akageuza wa kulia, akanipa kidole.

Kilikuwa cha baridi na kilinuka maganda. Nikakibana. Tisini na moja. Nikaandika. Nikatoa kibanio, nikakitia mfukoni, na kidole nikabaki nimekishika. Hakukiondoa.